Pijo ya Mzee Rajabu Ilipochemka Dongobesh

Kambi ya Shamba la Ngano,
Hanang.
Jumapili, mchana.

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, baba. Najua unasomewa barua hii na Yustina. Basi Yustina, mdogo wangu, soma polepole, usiruke habari za magari hata kama zinakuchosha, na baba akisema rudia, rudia bila kununa.

Macho yanaendeleaje? Mama aliniambia la kushoto linatoa machozi kila asubuhi na umekataa kwenda hospitali mpaka kahawa ichumwe. Baba, kahawa itachumwa na wengine. Macho ni yako. Na mgongo wa mama je? Bado anabeba kuni mwenyewe huku Yustina yupo? Mimi mwili wangu ni mzima, nakula na kazini nafika. Hayo mengine nitakueleza humu ndani, na mengi ni ya magari. Ndiyo maana nakuandikia wewe moja kwa moja, ingawa mama naye asogee asikilize.

Sasa huku ni baridi. Upepo unavuma tangu asubuhi na hauna mti wa kuuzuia. Ukisimama mlangoni kwangu unaona ngano, na nyuma ya ngano ni ngano tena, mpaka mguu wa mlima Hanang. Mlima wenyewe ukijifunika mawingu, unabaki na ngano tu. Kazi yangu ni ileile ya stoo. Fundi anakuja dirishani, anasema filta, mimi natoa filta, anaweka sahihi, anaondoka. Anakuja mwingine anasema mkanda. Zipo siku, baba, ambazo mchana kutwa maneno niliyotamka ni majina ya vipuri peke yake. Anna, yule mwenzangu wa chumba niliyewaandikia habari zake, ameolewa Singida. Kitanda chake bado kipo. Nimeweka sanduku langu juu yake ili kisionekane kitupu.

Jumapili lori la shamba hutupeleka Katesh kusali na kununua mahitaji, kama yapo, maana sabuni na sukari ni za kubahatisha huku kama huko. Halafu jioni linaturudisha. Wenzangu wakitoka kanisani wana ndugu wa kuwatembelea. Mimi nilikuwa nakaa kwenye ngazi za kanisa nikisubiri jioni ifike. Padri alikuwa akipita ananiuliza kama naumwa.

Siku moja nikasikia nyuma ya duka moja mtu anazungusha hendeli ya gari. Unaujua ule mlio, baba, injini inapokoroma halafu inakataa. Nilisimama kama nimeitwa. Uani nikawakuta wanaume watatu wamezunguka Pijo 403 ya kijivu, na mmoja wao nilimfahamu, Paskali, dereva wa lori la shambani kwetu. Akapaza sauti, "Dada wa stoo! Njoo uone gari la watu wazima!" Kuanzia siku hiyo kila Jumapili nilikuwa pale.

Pijo hiyo ni ya Mzee Rajabu, mwenye duka. Wazee wake walitoka Kondoa, lakini yeye amezaliwa hapahapa Katesh. Ni mjane, mrefu, mkimya, kila wakati ana kitambaa begani, na kitambaa hicho hafuti jasho, anafuta gari. Wa tatu ni Mwalimu Safari, mwalimu wa shule ya msingi, wa kabila la Wairaki wa Mbulu. Zamani alikuwa na Foksi, akaigongesha kwenye daraja, tangu hapo hajapata gari jingine, ila akianza kuizungumzia utafikiri ameiacha nje dakika hii.

Na ucheke, baba. Unajua sheria ya kubana mafuta, Jumapili ikifika saa nane mchana gari la mtu binafsi lisionekane barabarani. Sasa sisi tunaopenda magari tulikuwa tunakutana saa zilezile ambazo magari hayaruhusiwi kutembea. Tunakaa kwenye vigoda kando ya Pijo iliyoegeshwa, tunakunywa chai ya tangawizi isiyo na sukari, tunabishana.

"Gari lenye injini nyuma si gari," Paskali anaanza. "Ni gari lililogeuka likasahau."

"Foksi yangu haikuwahi kuomba maji," Mwalimu anajibu. "Nyie wa Pijo mnatembea na kisima."

"Haikuomba maji, iliomba daraja."

Mzee Rajabu anacheka chini chini, halafu ananigeukia. "Skola, baba yako alisemaje kuhusu breki za Bedfodi?" Nami nasimulia yale uliyonisimulia, jinsi ulivyoshuka na lori la ushirika limejaa kahawa, breki zimekufa, ukaliegemeza kwenye ukingo wa mlima taratibu kama mtu anayelaza mtoto. Wanakujua, baba. Kuna watu watatu Hanang wanaokujua kwa jina na kwa gia. Mwalimu aliniuliza kama kweli uliwahi kutengeneza mpira wa tairi kwa utomvu wa mti, nikamwambia nilikuwepo.

Lakini mazungumzo hayo hayakuwa ya magari tu. Paskali akisema plagi zimechakaa, baadaye kidogo anasema mkewe hamjibu vizuri siku hizi. Mwalimu akisifia Foksi, mwishoni utasikia habari za mwanawe aliyeacha shule. Mzee Rajabu peke yake ndiye hakuwa anasema yake. Tulijua mkewe alifariki, basi.

Sasa sikiliza yaliyotokea.

Jumapili moja tulimkuta Mzee hafuti gari. Amekaa tu. Akatuambia mwanawe wa Dodoma anakuja mwisho wa mwezi kumchukua akaishi naye, kwa kuwa ni mtu mzima na anaishi peke yake, na kwamba gari litauzwa. Paskali alianza kupinga, Mzee akamnyamazisha kwa mkono. Akasema, "Nataka kitu kimoja kabla halijauzwa. Nataka kulipeleka Dongobesh. Nipite tu barabarani. Nisisimame."

Mwalimu Safari akauliza, "Dongobesh kwa nani?"

Ndipo akatueleza. Mkewe, Mariamu, alizaliwa Magdalena, binti wa Kiiraki wa kule juu Dongobesh, watu wa kanisa. Walipendana mnadani, yeye akiuza vitambaa na binti akiuza mahindi. Nyumbani kwao wakakataa katakata. Binti akaondoka, akaolewa, akabadili jina. Mzee akafanya kazi mpaka akanunua hii Pijo, na siku ya kwanza kabisa kuiendesha mbali aliipeleka Dongobesh ili mkewe awasalimie wazazi wake akiwa ameshuka kwenye gari kama mtu mwenye heshima zake. Walipofika, lango la boma likafungwa kwa matawi ya miiba mbele yao. Wakasubiri pale nje huku injini inanguruma. Mwisho wakageuza.

"Hakulia," Mzee akasema. "Njia nzima alishika tu mlango. Miaka mingi baadaye, anaumwa, akaniambia, siku moja nipitishe tena kwetu. Nikamwambia ukipona. Hakupona."

 Paskali aliinuka, akafungua boneti, akaanza kuangalia injini.

Jumamosi Paskali na Mwalimu wote wanafanya kazi, kwa hiyo ikabidi iwe Jumapili, tuondoke alfajiri na kurudi kabla ya saa nane. Petroli Mzee alikuwa nayo kwenye dumu, ameitunza muda mrefu. Mimi nililala kwa dada mmoja wa kwaya pale Katesh ili nisikose. Betri ilikuwa imekufa, Paskali akazungusha hendeli mpaka shati likalowa, na Pijo ikawaka. Baba, ungeusikia! Ilikohoa, ikatulia, ikaanza kunong'ona.

Mzee aliendesha mwenyewe. Kiti cha mbele, upande wa pili, akasema hakai mtu. Basi sisi watatu tukabanana nyuma, mimi katikati ya mabega ya Paskali na ya Mwalimu, huku mbele kiti kitupu kinakwenda safari kwa raha zake. Gia ya Pijo ile iko kwenye usukani, na Mzee alikuwa anaibadilisha kwa vidole viwili tu. Tulipita Basotu, tukapita kwenye mashamba yetu ya ngano. Kulikuwa na wafugaji wanazungusha ng'ombe mbali kando ya shamba kwenda kutafuta maji. Mzee mmoja wa Kibarabaiga aliyejitanda shuka alisimama akatuangalia mpaka tukapotea. Mwalimu akaanza tena ya Foksi, Paskali akamwambia leo tumheshimu mwenye gari. Nilikuwa na furaha, baba. Sikuwa nimepanda gari dogo tangu nitoke nyumbani.

Tatizo lilianza kwenye kupanda. Barabara ya kule juu imeliwa na mvua, mawe yametoka nje kama meno, tukatambaa mpaka jua likafika utosini. Mshale wa joto ukapanda. Paskali akasema, "Mzee, tupumzike." Mzee akasema, "Bado kidogo." Paskali akasema tena. Mzee akakaza macho mbele. Nadhani alishaliona boma lile, maana lilikuwa pale juu kabisa, kushoto, ukuta wa minyaa na nyumba ya bati. Hakutaka kusimama hapo, afadhali popote pengine isipokuwa hapo. Na ndipo mpira wa maji ulipopasuka. Mvuke ukafunika kioo chote, gari likasimama lenyewe, chini kidogo tu ya lango.

Paskali alishuka akafungua boneti huku anaruka moto. Mpira aliweza kuufunga kwa kipande cha tyubu, ila maji yote yalikuwa yamemwagika, na dumu letu la maji halikutosha hata kuloanisha rejeta. Nyumba ya karibu ilikuwa ile. Ya pili ilikuwa ng'ambo ya bonde.

Mzee alishikilia usukani. Hakushuka wala kugeuza kichwa. "Nendeni ng'ambo," akasema.

Mwalimu aliangalia bonde, akaangalia saa yake. Halafu akanivuta pembeni. "Skola, nenda wewe. Wewe ni mgeni, tena mwanamke, hawatakufukuza. Wakikuuliza gari la nani, sema ni la mwalimu."

Nikachukua debe nikapanda.  Lango lilikuwa wazi. Ndani nikamkuta mzee mfupi mwenye koti zito la mvua, anachonga mpini wa jembe, na mkewe anapepeta mtama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe si wa huku."

"Hapana, mzee. Kwetu ni Mbinga, Songea. Nafanya kazi kwenye ngano."

"Karibu. Mbona una debe?"

"Gari letu limechemka hapo chini. Naomba maji."

"Maji yapo." Akaweka panga chini. "Gari la nani?"

Maneno ya Mwalimu yalikuwa mdomoni tayari. Lakini yule mzee alikuwa ananitazama kwa upole, hana wasiwasi wowote, nami nikaona nikimdanganya nitakuwa nimemfungia Mzee Rajabu lango mara ya pili, safari hii kwa mkono wangu. Nikasema, "La Mzee Rajabu wa Katesh."

Akasimama. Alimwambia mkewe jambo fupi kwa lugha yao, na mama yule akaacha ungo akaingia ndani haraka. Nikajua ndiyo basi, nikaanza kuinama nichukue debe langu niondoke. Lakini yeye aliwahi kulishika. Akalijaza kwenye pipa, akalibeba begani mwenyewe, mwanaume wa umri ule, maji yanamwagikia kotini, akatangulia kutoka langoni. Mimi nikamfuata mikono mitupu.

Alimpa Paskali debe, akazunguka mpaka kwenye dirisha la dereva.

"Rajabu."

Mzee Rajabu akageuza kichwa taratibu. "Tluway."

"Umezeeka."

"Na wewe."

 Huyu Tluway ndiye kaka wa marehemu, mkubwa wake. Akaweka mkono juu ya paa la gari, akalipapasa. "Gari hili nalijua. Siku ile mimi ndiye niliyevuta miiba. Baba aliniagiza, nikavuta."

"Nilikuona," Mzee akasema.

"Leo ulikuwa unakuja?"

"Nilikuwa napita tu."

"Miaka yote hukupita, leo unapita tu."

Hapo sauti ya Mzee Rajabu ikabadilika. Sikuwahi kumsikia akisema kwa nguvu namna ile. "Alipofariki nilituma mtu kwenu! Sisi huzika mapema, lakini mimi niliwazuia watu mpaka jua linaelekea kuzama. Nilisimama barabarani nikiangalia upande wa huku. Hakuja hata mmoja, Tluway. Hata mtoto."

Tluway alishusha mkono wake kutoka kwenye paa la gari. Halafu akasema, "Mtu wako alifika. Alimkuta baba peke yake, na baba hakutuambia. Sisi tulisikia mnadani, mwezi umepita, kwa mnunuzi wa ng'ombe. Tukasema, yule Mswahili wa Katesh hata msiba ametuficha. Mama alikataa kula. Baba akanyamaza hivyohivyo mpaka akafa. Huyo mtu wako mwenyewe ndiye aliyekuja kuniambia, juzijuzi, mnadani tena. Nimekuwa nikijiuliza nitashukaje Katesh, niseme nini."

Mzee Rajabu aliinamisha kichwa juu ya usukani, na paji la uso likabonyeza honi. Ikalia kwa sauti, mbuzi wakatawanyika mteremkoni. Hakuna aliyecheka. Paskali aliendelea kumimina maji kwenye rejeta, maji yamejaa na yanafurika, naye anamimina tu.

Baadaye Mzee aliuliza, "Mama yupo?"

"Yupo. Haoni tena, ila masikio ni mazima. Alilisikia gari likipanda. Anauliza kwa nini limenyamaza."

Mwalimu Safari akakohoa. Akaonyesha saa yake, saa nane ilikuwa imepita. Gari lilikuwa limepoa na mpira umekaza, lakini kuliendesha sasa ni kuvunja sheria, na Mwalimu ni mtu wa sheria hata porini. Tluway akasema, basi liingizwe ndani. Mwalimu akafikiri, akasema kusukuma si kuendesha.

Tukasukuma, baba. Mimi, Paskali, Mwalimu, mke wa Tluway na mabinti zake, na Tluway mwenyewe bega lake kwenye mlango. Mzee Rajabu alikuwa kwenye usukani. Kilima kilikuwa kikali, tulipumzika mara kwa mara tukiweka mawe nyuma ya tairi. Lango lilikuwa jembamba, likakwaruza Pijo ubavuni mkwaruzo mrefu, na Mzee ambaye alikuwa hapendi hata inzi atue juu yake hakusema neno.

Bibi alikuwa amekaa ndani kando ya moto, mdogo, amefunikwa shuka. Mzee Rajabu alivua viatu mlangoni, akapiga goti. "Shikamoo, mama." Bibi alinyoosha mikono, akamshika uso, kisha masikio, kisha mabega, polepole, kama mama anavyochagua mchele. Kiswahili chake ni kidogo, alikuwa anasema kwa lugha yao na Tluway anatafsiri. Kitu cha kwanza alichotaka si habari za kifo. Alitaka kujua binti yake katika hilo gari alikuwa anakaa wapi.

Wakamtoa nje wakimshikilia pande zote mbili. Mzee akafungua mlango wa mbele, ule upande ambao tangu asubuhi haukufunguliwa, wakamkalisha. Bibi akapapasa kiti, kioo, kitasa cha mlango. Kitasa alikishika hakukiachia. Akauliza jambo. Tluway akasema anataka kujua gari linaangalia wapi. Akamjibu kwamba linaangalia mlango wa nyumba. Bibi akatikisa kichwa, akasema maneno machache kwa sauti ya chini, na Tluway na mkewe wote wakageuka wakaangalia pembeni.

Nilimwuliza Mwalimu Safari bibi amesema nini. Mwalimu alikuwa anafuta miwani. Akaniambia, "Hayo ni ya kwao, Skola."

Tulilala pale. Walichinja, tukanywa maziwa. Mimi nilikaa na mabinti wa nyumba, wazuri sana, walinipa nafasi karibu na moto na blanketi nzito kuliko zote. Wakawa wanaongea kwa lugha yao na kucheka, wakikumbuka nipo wananitafsiria nusu, halafu wanasahau tena. Sikuwalaumu. Nilikuwa nikiwaza kwamba hata sisi nyumbani tunafanya hivyo akija mgeni, na sikuwahi kujua mgeni anajisikiaje.

Jumatatu tulirudi salama. Kazini nilikuta watu wamepanga mstari dirishani na bwana mkubwa amekasirika, nikapewa onyo. Sikujitetea. 

Sasa nikueleze yalivyoishia. Mwana wa Mzee Rajabu alikuja kutoka Dodoma kama alivyosema. Mzee hakubishana naye, alimwambia tu, "Kabla hatujaondoka, twende ukamwone bibi yako." Kijana alikataa mwanzoni, alisema hao si watu wake, mama yake walimtupa. Lakini alikwenda. Nasikia alikuwa amepanga kukaa mchana mmoja, akakaa juma zima, na aliporudi Dodoma alirudi peke yake. Duka ameachiwa mpwa wa Mzee. Mzee mwenyewe yuko Dongobesh. Bibi anamtaka karibu, na yeye ndiye anayempeleka kliniki Mbulu kwa Pijo mafuta yakipatikana. Ananisalimia kila anapopata mtu wa kushuka. Gari halikuuzwa.

Nimefurahi, baba. Nakuambia kweli tupu, nimefurahi. Lakini mambo mengine nayo yaliondoka pamoja naye. Mwalimu Safari amehamishiwa shule ya Yaeda Chini, kule bondeni ambako barabara ni ya kubahatisha, alipakia vitu vyake kwenye lori akanipungia mkono, hatukupata hata nafasi ya kuagana vizuri. Paskali sasa anapeleka ngano Arusha, Jumapili nyingi hazimkuti huku. Jumapili iliyopita nilikwenda uani pale peke yangu. Mpwa wa Mzee ni kijana mwenye adabu, alinitolea kigoda, akaniuliza nasubiri nani. Nikamwambia nasubiri lori. Akarudi kwa wateja wake. Pale Pijo ilipokuwa pana doa la oili, na kuku walikuwa wanaoga vumbi juu yake. Nilikaa mpaka lori likaja, na leo sikwenda kabisa. Ndiyo maana nakuandikia mchana wote huu.

Sasa jambo lenyewe, baba. Wamenieleza kwamba mkuu wa stoo anastaafu na wanataka nishike nafasi yake baada ya mavuno. Ni heshima, nami kazi hiyo naiweza. Lakini nikiikubali nitakuwa nimekubali kukaa huku miaka, na wanataka jibu. Ninakujua. Ukisikia hivi utasema, "Mwanangu, fanya unavyoona." Ulisema hivyohivyo nilipoondoka, ukiwa umenipa mgongo unakaza nati ya gurudumu ambayo ilikuwa imeshakaza. Tafadhali, safari hii usiseme hivyo. Kama ungependa nikae niendelee, sema, nitakaa na nitafanya kazi vizuri. Na kama ungependa nirudi, sema pia, baba, kwa neno hilohilo, rudi. Sitauliza sababu. Nimeona watu wazima wawili waliokaa miaka mingi kila mmoja akidhani mwenzake hamtaki, na umbali wenyewe ulikuwa wa asubuhi moja tu kwa gari. Kutoka huku mpaka Mbinga ni mbali zaidi ya hapo.

Mwambie mama shikamoo nyingi, na kwamba lile shuka alilonishonea ndilo linalonisaidia baridi hii. Nisalimie mjomba Kasiani fundi baiskeli, mwambie huku nao wanaziba pancha kwa namna yake. Shangazi Oliva wa kwaya namwomba aniweke kwenye sala zake, na bibi mzaa mama mshikie mkono kwa niaba yangu, umkumbushe mimi ni yupi kama amesahau. Majirani wote wa pale juu kwenye mikahawa nawasalimu. Nawe Yustina, asante kwa kusoma. Usimsomee baba haraka pale mwisho, na akinyamaza usimjazie maneno. Chukua kalamu, kaa karibu naye, subiri mpaka aseme mwenyewe, kisha uandike alivyosema.

Mimi mwanao unayemfahamu, ninayesubiri neno lako,

Skolastika